Kabla ya Matokeo

Kwa miaka mingi, sherehe ya kuwatuza waliomaliza kidato cha nne katika shule yetu ya kutwa hapa Gatongora, Ruiru, kaunti ya Kiambu nchini Kenya, ilifanywa wengi wao wakiwa hawapo. Mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, KCSE, uliisha Novemba. Matokeo yalitoka mwisho wa Februari au Machi. Bodi ikutane, bajeti ya mchele na nyama ipitishwe, mgeni wa heshima apatikane kisha aahirishe, mara Juni imeingia. Waliokuwa wakituzwa walikuwa wameshavua sare zamani. Walirudi wachache waliokuwa na alama za kutajwa, wakakaa mstari wa mbele na nguo zao za nyumbani, wakapigiwa makofi na watoto ambao wengine hawakuwajua hata kwa majina.

Waliobaki hawakualikwa. Hakuna aliyewakataza kuja. Barua zilikwenda tu kwa waliokuwa kwenye orodha, na orodha ilianzia juu ikakatwa pale zawadi zilipokwisha.

Nilifika hapa kufundisha Kiswahili katikati ya miaka ya 1990. Ukitoka Ruiru mjini kuja upande huu ilikuwa kahawa kushoto, kahawa kulia, na vumbi jekundu katikati. Wanafunzi wetu wengi walitoka kwenye kambi za wafanyakazi wa mashamba, zile nyumba za mistari zenye bomba moja la maji nje. Mavuno makubwa ya kahawa huku huanza Oktoba, mtihani nao huanza Oktoba. Jumamosi ungemkuta mtahiniwa shambani na debe lake pamoja na mama yake, vidole vimepakaa utomvu mweusi, kwa sababu karo ya muhula haikuwa na njia nyingine ya kutoka. Jumatatu vidole hivyo hivyo vinashika kalamu. Ningesahihisha insha yenye alama ya dole gumba pembeni, nami ningejua kazi ya wikendi ilikuwa ipi.

Lakini sherehe haikuwa na habari na hayo. Ilikuwa sherehe ya wastani wa alama za shule. KCSE ya kwanza ilifanywa mwaka 1989, na nilipoingia kazini shule zote nchini zilikuwa zimeshashikwa na homa ya kupangwa: magazeti yalichapisha orodha za shule bora, wilaya ikapanga za kwake, na mwalimu mkuu aliishi au aliondoka kwa nukta za desimali. Kwa hiyo siku ya tuzo mwanafunzi alikuwa ushahidi tu. Tuliokuwa tukituzwa hasa ni sisi walimu. Somo likipanda, unaitwa mbele unapewa chupa ya chai au sufuria. Nyumbani bado tunapikia ugali katika sufuria niliyopata mwaka ambao Kiswahili kilipanda kidogo sana, na mke wangu huwaambia wageni kwamba ile ni digrii yangu ya pili. Aliyeongoza katika somo langu alipata Kamusi ya Kiswahili Sanifu, hata kama alikuwa amejiandikisha kusomea uhandisi.

Walioondoka bila alama za kutajwa waliagwa namna mbili, na zote hazikuwa kuagwa. Ya kwanza ilikuwa siku ya maombi, Oktoba. Wachungaji wanakuja, mapadri wanakuja, watahiniwa wanapiga magoti uwanjani na kalamu, rula na vikokotoo vinainuliwa juu viombewe. Ilikuwa siku nzuri, siibezi. Ila ilikuwa siku ya mtihani, si ya mtoto. Ya pili ilikuwa alasiri ya karatasi ya mwisho. Kwa kuwa masomo ya kuchagua hutofautiana, hawakumaliza pamoja: wa kilimo leo, wa biashara kesho kutwa, wa fizikia wiki ijayo. Kila kikundi kikitoka chumba cha mtihani kilichana madaftari, kikaandikiana kwenye mashati kwa kalamu za wino, kikatokomea langoni. Nimewahi kusoma mgongoni mwa shati la kijana mmoja orodha ya majina ya darasa lake zima, yameandikwa kwa miandiko tofauti, mengine yakiteremka hadi kwenye mikunjo ya mikono. Hiyo ndiyo orodha pekee niliyoiona miaka hiyo iliyokuwa na kila mtu.

Kilichoanza kuivunja sherehe ya zamani hakikuwa hoja ya mtu yeyote. Ilikuwa ardhi. Kahawa iliuzwa au iling'olewa, shamba baada ya shamba. Jina la Ruiru linajulikana na wakulima wengi wa kahawa kwa sababu ya Ruiru 11, mbegu iliyotolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti cha hapa hapa, na sasa kuna watoto wa Ruiru ambao hawajawahi kuugusa mti wenyewe. Tatu City, mji wa ekari 5,000, umesimikwa palipokuwa na mashamba ya kahawa. Thika Road ilipanuliwa, ikazinduliwa Novemba 2012, na Nairobi ikawa jirani. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 Ruiru mjini. Ile ya 2019 ikahesabu 490,120. Ukitaka kuona maana ya tarakimu hizo, fungua rejista yetu: palipokuwa na Kamau na Wanjiku tupu, sasa yupo Mutua, yupo Nyaboke, yupo Otieno, na Wafula si mmoja.

Wazazi wa kambini walikuwa hawahami. Ukitaka kumpata mwanafunzi aliyemaliza, unamtuma mdogo wake, au unamwambia nyapara, na kufikia jioni ujumbe umefika. Mpangaji wa gorofa si hivyo. Kodi ikipanda mwezi wa pili, mwezi wa tatu yuko Mwihoko, au Juja, au amewarudisha watoto kwa nyanya yao Bungoma. Tulianza kuandaa sherehe za Juni ambazo hata wale wachache wa orodha hatukuwapata. Mwaka mmoja aliyeongoza darasa alituzwa kupitia kwa binamu yake wa kidato cha pili, ambaye alipokea beseni na blanketi kwa uso wa mtu aliyeshikishwa mzigo kwenye matatu.

Halafu zikaja amri za Nairobi. Mwishoni mwa 2014 wizara ya elimu, chini ya waziri Jacob Kaimenyi, ilifuta kupangwa kwa shule na watahiniwa. Mwaka 2016 waziri aliyemfuata, Fred Matiang'i, akaja na mkono mzito zaidi ili kuziba mianya ya wizi wa mtihani: muhula wa tatu hakuna ziara za wazazi, hakuna siku ya maombi, hakuna siku ya tuzo. Na matokeo yakatoka Desemba 29, kabla ya mwaka kwisha, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Gredi ya A mwaka uliotangulia walikuwa wameipata zaidi ya watahiniwa 2,600 nchini. Mwaka huo, 141. Waliofikisha C+ ya kuingilia chuo kikuu hawakufika 90,000, kati ya watahiniwa zaidi ya 550,000. Katika shule kama yetu ungeanzia wapi kukata orodha?

Kwa hiyo mwaka 2017 tukajikuta na siku ya maombi iliyosukumwa hadi muhula wa pili na siku ya tuzo iliyokuwa tayari humo humo. Shule ya kutwa haina pesa za kukodi mahema mara mbili katika muhula mmoja. Mwenyekiti wa bodi aliuliza swali la mfukoni kabisa: kwa nini zisiwe siku moja? Tukaziunganisha, Jumamosi moja ya Julai, baridi ya kukata masikio. Tulipokaa kuandika ratiba ndipo naibu wa mwalimu mkuu akagundua kwamba watakaokuwa mbele yetu ni watu ambao bado hawajafanya mtihani. Hawana gredi. Tutasoma nini? Kimya kikapita, kisha mwalimu wa kilimo akasema basi tusome rejista.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Sipendi kuisimulia kama mtu aliyeona mbali, kwa maana hakuna aliyeona mbali. Tulikuwa tukiokoa kodi ya mahema.

Asubuhi hiyo mama mmoja alinisimamisha karibu na jiko, amefunga leso juu ya sweta.

"Mwalimu, huyu wangu ataitwa?"

"Ataitwa, mama."

"Na hana namba."

"Mwaka huu hakuna namba."

Alinitazama kama mtu anayeuziwa simu mbovu. Mkononi alikuwa na shada la kumetameta, yale ya karatasi za fedha na nyekundu ambayo watu humvisha aliyefuzu shingoni. Lilikuwa bado ndani ya nailoni, na kijikaratasi cha bei hakijabanduliwa. Baadaye jirani yake aliniambia kwamba alipatana na mwenye duka Ruiru: mtoto asipoitwa, shada linarudi. Mtoto aliitwa. Mama alijaribu kuipasua nailoni kwa meno huku anatembea, ikakataa, na alipofika mbele alimvisha mwanawe shada na nailoni yake.

Upinzani ulikuwepo na haukuwa wa kijinga. Walimu wenzangu wa sayansi waliuliza tunamtuza mtu kwa kosa gani. Kumaliza? Mzee mmoja wa bodi alisema tukimvisha maua mvivu na mwenye bidii kwa siku moja, mwenye bidii atajifunza uvivu. Nilimjibu wakati huo, na jibu langu halijabadilika, kwamba mtoto aliyetembea kutoka kambini hadi hapa kwa miaka minne, au aliyefukuzwa karo kila muhula na kurudi kila muhula, amefanya kitu ambacho karatasi ya Novemba haina swali lake. Jirani zetu Tanzania wanalijua hili zamani. Mahafali ya kidato cha nne kule hufanywa mtihani wa taifa wa Novemba ukiwa bado, familia nzima inakuja, na anayevishwa maua ni kila aliye darasani. Nilihudhuria moja Moshi, ya mpwa wa mke wangu, na sikumsikia mtu akiuliza wastani.

Hata hivyo tulipoteza kitu. Wale wachache waliorudi Juni walikuwa wamekwisha kuiona dunia ya mbele kidogo. Mmoja alikuja akiwa na barua ya Chuo Kikuu cha Moi mfukoni, akaitoa, ikapita mkono kwa mkono hadi kwa watoto wa kidato cha kwanza ikarudi na alama za vidole. Sasa barua hiyo ni ujumbe wa simu, na aliyeipata anaturushia picha kwenye kundi la WhatsApp la walimu tu. Watoto hawaioni. Nimependekeza mara kadhaa tuwaite waliofaulu siku ya kufungua shule Januari, bila hema wala pilau, waongee nusu saa. Wazo linapita kila mara na halitekelezwi.

Wingi nao ulituletea shida zake. Serikali ilipotangaza mwaka 2018 kwamba kila mtoto wa darasa la nane ataingia sekondari, tulipokea kidato cha kwanza ambacho hatukuwa na madawati yake. Kikafika kidato cha nne, na rejista ya kusoma ikapita majina mia. Tunasoma kwa alfabeti ya jina la ukoo, na asiyeijua Kiambu hawezi kuelewa ugumu wake. A inapita kwa dakika moja. Herufi K ni safari. M ni safari ndefu zaidi, kisha N, na mwishoni wapo watu wa W, Wafula, Wairimu, Wambui, Wangari, Wanjiru, ambao wamesimama tangu saa nne na mashada yao yameanza kumwaga nyuzi. Darasa la 2020 tu ndilo lililosomewa upesi. Korona iliwarudisha shuleni Oktoba, mtihani wao ukafanywa Machi na Aprili 2021, na majina tuliyasoma uwanjani wamevaa barakoa, wazazi wakiwa nje ya uzio.

Mwaka huu wa 2026, kwa sababu ya mtaala mpya, shule ni ya ajabu: ina kidato cha tatu, kidato cha nne na Gredi ya 10, hakuna kidato cha kwanza wala cha pili. KCSE ya mwisho ni mwaka ujao. Gredi ya 12 ya kwanza itaondoka 2028. Kamati ya sherehe imekutana, na mjumbe mmoja wa wazazi ameleta bei ya kukodi majoho na zile kofia bapa, kwa kuwa, amesema, watoto wa chekechea, PP2, wanavaa. Ni kweli wanavaa. Mjukuu wa dada yangu alifuzu kwa joho akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Nimesema joho lingoje chuo, pesa zinunue mashada ya akiba kwa wale ambao hakuna mtu aliyekuja kuwavisha, maana kila mwaka wapo.

Mzozo wa kweli ni kuhusu 2028. Gredi ya 12 watakuwa wamegawanywa katika mikondo mitatu, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi za jamii, na sanaa na michezo, na tayari kuna rasimu ya ratiba inayosema tuwasome kwa mkondo, STEM kwanza. Mimi naona ni ile orodha ya zamani imerudi kwa jina jipya. Nimeomba iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba majina yatasomwa kwa alfabeti, yakiwa yamechanganywa, bila kutaja mkondo. Mwenyekiti amesema ajenda hiyo itarudi muhula wa pili. Mwalimu wa fizikia, ambaye nilidhani atanipinga, ameniunga mkono kwa sharti moja: mwaka huo tuanzie W.