Vile Nilipoteza Kitabu cha Chama cha Mathe

Kompyuta ya kwetu si yangu. Wacha nianze hapo, kwa sababu wengi wenu mkiona ile mashine nyuma yangu kwa video mnadhani niliinunua na pesa ya mtandao. Mathe ndiye aliinunua, mtumba, nilipoingia chuo. Chuo niliacha mwaka wa pili, kompyuta ikabaki. Usiku naihariria video, na Jumapili jioni mathe anaingiza hesabu za chama. Ni wanawake 14, na yeye ndiye mweka hazina.

Ni mashine ya kitambo. RAM ni GB 4, na diski ni ya GB 500, ile ya kuzunguka, si SSD. Hiyo diski imegawanywa mara mbili: draivu C ina Windows, draivu D ina maisha yetu yote. Video zangu, picha za familia, na folda ya mathe yenye faili ya Excel ya chama. Mwezi wa 11 mwaka jana C ikajaa kabisa, ule mstari ukawa mwekundu. Unabofya folda, unaenda kuweka chai, unarudi unapata bado inafikiria.

Nikafanya kile kila mtu hufanya. Nikatafuta video, nikapata msee anasifu programu fulani ya bure. Ati inasafisha diski, inapanga faili, na inaweza kuchukua nafasi kutoka D na kuipea C bila kupoteza kitu. Sitaitaja jina, na kusema ukweli hata haikunidanganya sana. Kulikuwa na onyo kwa maandishi madogo: weka nakala ya faili zako kwanza, na usizime mashine kazi ikiendelea. Nilibofya Sawa venye sisi wote hubofya Sawa.

Kitu sikujua ni hiki. Kuhamisha nafasi si kama kusongeza pazia. C iko mwanzo wa diski, D inaifuata. Ili C ipate GB 60 zaidi, lazima D ianzie mbele kidogo, na kila kitu kilichokuwa pale mwanzoni mwa D kinyanyuliwe kipande kwa kipande kikaandikwe mahali pengine. Ni kuhamisha nyumba nzima na watu bado wako ndani. Kazi ikifika katikati, vitu vingine viko nyumba ya zamani, vingine viko nyumba mpya, na ile orodha ya kusema kipi kiko wapi haijamalizwa kuandikwa.

Ilifika asilimia 41. Stima ikapotea.

Kompyuta ya mezani haina betri. Haikuagi. Nilikaa hapo gizani na mkono bado uko kwa mausi.

Stima ilirudi kama saa nne usiku. Nikawasha, Windows ikafunguka vizuri tu, kwa sababu C ilikuwa haijaguswa. Nikashukuru Mungu mapema sana. Nikabofya D. Ikaniambia lazima niifomati kwanza kabla niitumie. Mathe alikuwa jikoni, akaniuliza, "Imewaka?" Nikamwambia, "Imewaka, mama." Na kweli ilikuwa imewaka.

Mnielewe kwa nini niliogopa. Disemba ndiyo wanagawana. Kila mtu anapata akiba yake na faida ya mikopo, ikitolewa deni na faini. Sasa fikiria mweka hazina anasimama mbele ya wenzake, wiki chache kabla ya kugawana, anasema kitabu kimepotea kwa kompyuta. Hakuna mtu hapo atawaza diski. Watu watawaza pesa. Na huyu ni mathe ambaye akikuta shilingi kumi kwa mfuko wa suruali yangu akifua, ananirudishia.

Basi nikaamua nitairekebisha kabla ajue. Hapo ndipo uharibifu wenyewe ulianza.

Usiku wa kwanza nilipata maelekezo ya kurudisha ramani ya zamani ya diski. Nikafuata, nikaiwasha upya. Ikiwa inawaka, Windows ikaandika kwamba inakagua na kurekebisha draivu D. Wueh, nilifurahi! Nikaenda kulala. Asubuhi D inafunguka, lakini nusu ya folda haziko, na kuna folda mpya inaitwa found.000 imejaa vitu kama FILE0000.CHK. Baadaye ndiyo nilikuja kuelewa kwamba ule ukaguzi hauji kuokoa faili zako. Unakuja kufanya mpangilio wa diski ueleweke tena, na kile ambacho hakiingii kwa mpangilio kinakatwa ama kinatupwa kwa hiyo folda bila jina. Diski yangu ilikuwa nusu imehama. Vitu vingi havikuwa vinaingia.

Folda ya chama ilikuwa kati ya zile hazikuwa.

Usiku wa pili ndio unaniuma zaidi. Nilipakua programu ya kurudisha faili zilizopotea. Ikatafuta masaa matano, ikapata faili kibao, halafu ikaniuliza, nizihifadhi wapi? C ilikuwa imejaa. Si hiyo ndiyo ilileta shida yote? Sikuwa na flashi kubwa. Nikaiambia, hifadhi D.

Buda, soma hapo tena. Faili ikipotea kwa diski ya aina hii, mara nyingi yenyewe bado iko pale, kilichopotea ni orodha ya kuipata. Inakaa hapo hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Mimi nilichukua faili zilizookolewa nikaziandika juu ya zile bado hazijaokolewa. Kwa mikono yangu, saa nane usiku, nikijiona mjanja.

Siku ya nne nikaibeba hadi Luthuli kwa fundi mmoja mzee kiasi. Hakuifungua hata. Aliniuliza, "Umeiwasha mara ngapi tangu iharibike?" Nikasema kama mara ishirini. Akanyamaza. Halafu akasema, "Kijana, usiiwashe tena. Tafuta diski ingine, saizi hiyo ama kubwa. Nakili kila kitu vile kilivyo, hata takataka, halafu ujinga wako uufanyie kwa ile nakala." Kunifanyia yeye ilikuwa elfu 15, na hakuna ahadi. M-Pesa yangu ilikuwa na 1,200.

Kwa hivyo ilibidi nimwambie mathe, na si kwa sababu roho yangu ni safi. Ni kwa sababu nilihitaji pesa ya diski.

Alikuwa anakunja nguo. Nilimwambia yote, mpaka ya kuhifadhi kwa D, ambayo hakuielewa, na nilishukuru hakuielewa. Aliuliza swali moja: "Na kitabu cha chama?" Nikasema nacho pia. Akaenda chumbani, akarudi na kaunta buku, ile nyeusi. Hesabu zote ziko ndani kwa kalamu, kila Jumapili, hadi mwezi wa 6. Baada ya hapo kurasa ni nyeupe. Akanitazama. Mwezi wa 6 ndio nilimwambia, mama, wachana na karatasi, hizo ni vitu za kitambo.

Kama ningemwambia usiku ule wa kwanza, ningejua shida yangu ni miezi mitano, si miaka. Singeshika ile diski na mikono inatetemeka.

Alinipea elfu tatu na mia tano, nikapata diski ya nje ya TB 1, mtumba pia. Kwa saiba ya rafiki yangu nikatengeneza flashi ya Ubuntu. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuwasha kompyuta kutoka kwa flashi bila kuandika chochote kwa diski ya ndani. Nikanakili na ddrescue. Hiyo programu haina sura, ni maandishi tu kwa skrini nyeusi, lakini inaandika daftari lake la mahali imefika. Stima ikipotea, inaendelea pale pale iliachia. Nilicheka peke yangu nilipoona hivyo. Ilichukua usiku mzima.

Halafu kwa nakala nikaendesha PhotoRec. Hii na ndugu yake TestDisk ni za bure, zimeandikwa na Mfaransa anaitwa Christophe Grenier, na jina lake linatokea juu kabisa ukiifungua. PhotoRec haijali orodha ya faili hata kidogo. Inapita kwa diski ikitafuta alama za mwanzo wa kila aina ya faili. Faili ya Excel ya siku hizi, kwa mfano, kwa ndani ni ZIP tu, na ZIP huanza na herufi PK. Hizo ni herufi za jina la Phil Katz, Mmarekani aliyeunda ZIP. Jamaa alifariki mwaka 2000, na mimi niko Umoja naomba herufi zake zipatikane.

Shida ni kwamba majina yote yanapotea. Nilipata maelfu ya faili zinaitwa f na namba ndefu. Za Excel zilikuwa 212, na tulizifungua moja moja, mimi na mathe, kiti kimoja na stuli. Yeye ndiye alikuwa anazitambua. "Hapana, hiyo ni ya Pasaka." "Hiyo ni kabla mama wa pale juu alipe mkopo." Kumbe kila mara ulipohifadhi faili upya, mabaki ya ile ya zamani yalibaki mahali kwa diski, kwa hivyo tulikuwa na kitabu kimoja cha umri tofauti tofauti. Ya mwisho kabisa iliyofunguka ilifika katikati ya mwezi wa 10.

Video zangu karibu zote zilienda. Faili kubwa hukaa vipande vipande, na PhotoRec inajua kuona mwanzo, si kuunganisha vipande. Zinacheza sekunde chache halafu picha inakuwa kijivu. Ile ya siku ya kunipeleka chuo inacheza sekunde sita. Geti, begi langu, na sauti ya mathe ikisema nisimame vizuri.

Kabla ya kugawana aliwaita wanachama nyumbani, na akanifanya mimi nisimame nieleze. Wanawake 14, na chai. Nikaeleza kuhusu stima, kuhusu 41, kuhusu kukaa kimya siku nne. Mmoja akauliza kwa upole kabisa kama hiyo kompyuta inaweza kupoteza pesa za watu wengine na isipoteze za mweka hazina. Mathe hakujibu. Alifungua simu yake, akaanza kusoma ujumbe wa M-Pesa wa zile wiki zilizokosekana, tarehe, saa, kiasi, na kila mtu akatoa yake wakalinganisha. Masaa matatu. Zile za pesa mkononi zikajadiliwa kwa kumbukumbu, na hapo kulikuwa na kelele.

Mwisho wa yote, 1,850 haikupata mwenyewe. Mathe alizitoa kwa mgao wake. Nimemlipa 1,000 hadi sasa. Kompyuta bado inajikokota vile vile, na kaunta buku iko juu ya meza kando ya kibodi, imejazwa hadi Jumapili iliyopita.