Kuchi Hatambulikani kwa Rangi

Mtu akitoka Kariakoo, akavuka Mnazi Mmoja na kuingia soko la Kisutu, husikia majogoo kabla hajayaona matenga. Humo wamo kuku wa kienyeji wa kila namna: kishingo asiye na manyoya shingoni, kidimu mwenye manyoya yaliyopinda, na kuchi, aliyesimama wima kama askari wa gwaride.

Mnunuzi wa mbegu asitangulize kuulizia rangi. Kuchi huwa mwekundu, mweusi, mweupe, hata wa madoadoa; na vifaranga wa kiota kimoja huweza kutofautiana. Hiyo si dalili ya damu iliyochanganyika. Ukuchi umo katika umbo: shingo ndefu, miguu mirefu yenye nguvu, upanga mfupi kichwani, na uzito ambao kwa jogoo aliyekomaa hupita kilo 2.

Familia inayomkataa jogoo bora kwa sababu ya rangi hujipunja. Tena, sote tukiing’ang’ania rangi moja, majogoo wa mbegu watapungua, ndugu watazaana kwa ndugu, na vifaranga watazaliwa dhaifu. Basi, msomaji, tazama kimo kwanza. Rangi ni vazi tu.