Kinanda Kisicho na Sauti

Tulipoanza studio yetu ndogo, mtu na mkewe katika chumba cha watoto waliokwisha kuhama, tulikuwa na fedha za kinanda kimoja tu. Tukabishana wiki tatu. Mmoja wetu alitaka Yamaha ya vitufe 61, yenye midundo yake ndani na inayotumia betri umeme ukikatika. Mwingine alitaka cha vitufe 88, vizito kama vya piano, kisicho na sauti hata moja. Hupeleka tu ishara za MIDI kwenye kompyuta, nayo ndiyo hulia.

Kusema kweli, midundo ile ilitupendeza kwa kuwa ingeficha udhaifu wetu: unabonyeza kitufe kimoja, bendi nzima inapiga, na kanisani watu wanasema tumebarikiwa. Tuliliombea jambo hilo, kila mmoja akimsihi Mungu ambadilishe mwenzake.

Tukanunua kile kisicho na sauti. Jioni ya kwanza umeme ukakatika, kompyuta ikazima. Tukabaki gizani tukigonga vitufe visivyolia, tukiimba wenyewe, sauti ya kwanza na ya pili, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kugombana.