Magoti Yetu Katika Njia ya Irente

Mwaka jana tulikwenda Lushoto, akina mama saba wa kanisani. Watatu tulikuwa na magoti yaliyoanza baridi yabisi: hukaza asubuhi na kuuma kwenye ngazi. Nusura tubaki nyumbani. Sisi wauguzi huwahimiza wagonjwa watembee, lakini yalipotuuma wenyewe tulikaa kitini miezi mitatu, tukaacha hata kuwatembelea wagonjwa majumbani.

Kutoka mjini hadi jabali la Irente ni mwendo wa saa moja na nusu hivi, njia ikipanda kati ya mashamba ya mahindi na maharage. Mwanzoni magoti yalikaza, kisha yakalainika. Juu tulitazama Mazinde chini kabisa na nyika ya Wamasai hadi upeo wa macho. Tukaimba pambio.

Kurudi ndiko kulikouma, kwa maana kuteremka hulemea goti kuliko kupanda. Tulishika fimbo upande wa goti zima, siyo bovu kama wengi wafanyavyo, tukapiga hatua fupi. Kwenye shamba la Irente tulipumzika kwa mkate na jamu. Kipande kimoja tu! Kila kilo unayopunguza mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi kila hatua.

Usiku tulikanda kwa maji ya moto. Asubuhi hayakuwa yamevimba; yangevimba na kuwa ya moto, tungekwenda hospitali.

Jumatano iliyofuata tulipanda tena ngazi za bibi mmoja mgonjwa. Akatuuliza, "Wanangu, mlikuwa wapi siku zote hizi?"