Nyumba Kubwa ya Karata

Kila mwaka vijana wanaojitayarisha kwa Kipaimara wanatuuliza swali lile lile: kucheza karata ni zambi? Sisi makatekista tunawajibu kwamba karata ni karatasi. Mzee anayecheza na wajukuu wake chini ya mwembe, pasipo kitu mezani, hana la kuungama, isipokuwa kama aliwaibia wajukuu. Hapo wanaleta swali la pili, nalo ndilo walilokuwa nalo moyoni tangu mwanzo: na kucheza kwa feza je?

Ili kulijibu vema, tumeona afadhali tuangalie mahali ambapo karata zimejengewa nyumba kubwa kuliko karibu zote za duniani. Sisi hatukufika huko. Tunafuata mambo yaliyokwisha andikwa na kujulikana. Mahali penyewe ni mji mdogo uitwao Commerce, kandokando ya Los Angeles, katika California, inchi ya Marekani. Maana ya jina lake ni biashara, na kweli ni mji wa magala, wa reli na wa malori, wenye wakaaji 12,000 hivi. Familia nyingi ni za asili ya Mexico, na Wakatolika ni wengi. Karibu na barabara kubwa ya magari limesimama jengo la Commerce Casino, lililofunguliwa mwaka 1983. Ndani mna meza za karata zaidi ya 200, na nyumba haifungwi usiku wala mchana.

Anayeingia asitafute zile mashine za kutia sarafu na kuvuta, kama katika kazino za Las Vegas. Nyumba za karata za California zimekatazwa mashine hizo. Tangu kura ya mwaka 2000 wamepewa makabila ya wenyeji wa asili katika ardhi zao. Humu mna watu na karata tu. Mtu anabadilisha feza yake kwa vipande vya mviringo vya rangi, anaandikisha jina, anangoja kiti. Kiti kikipatikana, anaketi pamoja na wenzake 8 hivi, na mfanyakazi wa nyumba anagawa karata. Mfanyakazi huyo hachezi. Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika: katika poka, nyumba haichezi kabisa.

Sheria yenyewe imetoka mbali. Mwaka 1885 California ilikataza aina moja ya poka kwa jina lake, ikaacha kutaja nyingine. Mwaka 1911 mwanasheria mkuu wa jimbo akaandika kwamba poka ya namna ile isiyotajwa ni mchezo wa akili, si wa bahati tupu, basi kila mji ujiamulie wenyewe. Mwaka 1936 nyumba ya kwanza ikafunguliwa katika mji wa Gardena, na kwa miaka mingi Gardena peke yake ulikuwa na nyumba za namna hii katika eneo la Los Angeles. Wacheza walikuwa wakilipia kiti kila nusu saa, kama mtu anayepanga chumba.

Michezo imeongezeka. Wengi sasa wanacheza ile ya Texas: kila mtu anapewa karata 2 za siri, kisha karata 5 zinafunuliwa katikati ya meza kwa ajili ya wote, na kila mmoja anatengeneza mkono wake bora wa karata 5. Kabla na baada ya kufunua, watu wanaongeza feza au wanaacha. Anayeacha amepoteza alichokwisha tia. Asiyeacha anaweza kushinda kwa karata nzuri, ama kwa uso mkavu tu, akiwatia wenzake woga hali hana kitu mkononi. Ajabu ya mchezo ni hii, kwamba uongo wa macho hauhesabiwi kuwa hila, bali ni sehemu ya ufundi.

Wako Wachina, Wafilipino na Wavietnam wengi katika eneo lile, na kwa ajili yao ipo michezo mingine. Mwaka 1985 Sam Torosian, mwenye nyumba ya karata katika mji jirani wa Bell, alibuni mchezo unaoitwa pai gow poker. Mtu anapewa karata 7, anazigawa mafungu mawili, moja la 5 na moja la 2, na yote mawili lazima yashinde ya mpinzani. Umeenea mpaka Las Vegas, lakini yeye hakuuandikisha uwe mali yake, kwa kuwa aliambiwa haiwezekani. Yaani aliyebuni mchezo uliowaletea wengi utajiri hakupata kitu kwa wote wanaoucheza! Katika michezo ya namna hii mmoja wa wacheza anashika nafasi ya kulipa wengine, kwa maana sheria haikubali nyumba yenyewe kushindana na wageni wake. Mara nyingi nafasi hiyo inashikwa na watu wa kampuni iliyofanya mapatano na nyumba.

Tuje kwa starehe zake, kwa maana hapo ndipo pana la kufikiri. Ipo hoteli yenye vyumba 200 hivi, iliyoshikamana na nyumba. Ipo mikahawa, lipo bwawa la kuogelea, wapo watengeneza nywele. Tena mtu mwenye njaa halazimiki kusimama: mhudumu anasukuma meza ndogo yenye magurudumu mpaka ubavuni mwake, na mtu anakula kwa mkono mmoja, akishika karata kwa mkono mwingine. Mgongo ukiuma, yuko mtu wa kuukanda palepale kitini, kwa malipo. Usingizi ukimshinda, kitanda kiko juu. Mtu anaweza kukaa humo siku tatu pasipo kuona jua wala kukosa kitu.

Kwa nini wema wote huu? Hatusemi kwamba wenye nyumba ni watu wabaya. Mwenye mkahawa naye hupenda wageni wake wakae. Ila mkahawa unauza chakula, na tumbo lina mwisho. Nyumba ya karata inauza nini? Inauza kiti na saa. Katika kila mzunguko wa karata inatwaa fungu lake dogo, kabla mshindi hajavuta zake. Nani ameshinda, nani amelia, haiihusu. Inataka jambo moja tu, kwamba viti visiwe wazi.

Tufanye hesabu pamoja. Kalamu na karatasi zitatosha. Tuseme watu 9 wenye akili sawasawa wameketi, kila mmoja na dola 200. Mezani pana dola 1,800. Nyumba inatwaa dola 5 kila mzunguko, na kwa saa moja mizunguko ni 30. Dola 150 zimeondoka kwa saa. Baada ya saa 12 dola zote 1,800 zimekwenda kwa nyumba, na watu wote 9 wanatazamana mikono mitupu. Hakuna aliyeibiwa. Kila mmoja alishinda mara nyingi, alifurahi mara nyingi, huenda alikula nyama nzuri.

Wamama wetu wanaocheza likelemba wanaelewa upesi. Katika likelemba nayo feza inazunguka mezani, leo kwangu, kesho kwako. Lakini inazunguka nzima, na kila mmoja anapata zamu yake. Toboa tundu dogo chini ya kikapu, wazungushe mwaka mzima, tuone mama wa mwisho atapata nini.

Mtu atasema: ninyi mmehesabu watu wa akili sawa, lakini mwenye akili zaidi anashinda. Ni kweli. Wako watu wachache wanaopata riziki kwa poka, na katika Commerce ziko meza za feza nyingi sana zinazojulikana na mabingwa. Lakini feza ya bingwa inatoka wapi? Haitoki kwa nyumba. Inatoka kwa wanaoketi naye. Kwa hiyo asiyejua sana analipa mara mbili, kwa nyumba na kwa bingwa. Yule mwanasheria wa mwaka 1911 aliona kwamba mchezo wa akili ni safi kuliko mchezo wa bahati. Mbele ya sheria ya kidunia sawa. Ila sisi tunaona upande wa pili: bahati haichagui, bali akili inamtafuta mzaifu na kumjua kwa uso. Mlevi, mwenye huzuni, mtu aliyekwisha poteza na anataka kurudisha, hao ndio wanaongojwa mezani.

Na mji wenyewe? Commerce ulianzishwa rasmi mwaka 1960, na mwanzoni uliishi kwa kodi za viwanda. Ulitumia vema: mabasi ya mji hayatozi nauli tangu miaka ya 1960, na ziko maktaba na bwawa la kuogelea la watu wote. Katika bwawa hilo alianza Brenda Villa, binti wa mji huo, ambaye mwaka 2012 alipata medali ya zahabu pamoja na timu ya Marekani, katika mpira wa majini, kwenye Michezo ya Olimpiki ya London. Lakini viwanda vikubwa vilifungwa, na mwaka 1978 wananchi wa California walipiga kura ya kupunguza kodi za nyumba na ardhi. Miji midogo ikabaki na sanduku jepesi. Hapo ndipo nyumba za karata zilipoonekana kama mvua: Commerce mwaka 1983, Bell Gardens mwaka 1984. Tangu hapo sehemu kubwa ya mapato ya mji inatoka kwa zile meza. Mwaka 2020, ugonjwa wa Covid ulipofunga milango, miji hii iliona taabu mara moja, na meza zikatolewa nje chini ya mahema ili watu wacheze katika hewa. Na mwaka 2024 ilipotoka sheria ya kuyaruhusu makabila yale yenye mashine kuzishitaki nyumba za karata, miji nayo ilitetemeka pamoja na wenye nyumba.

Feza ya namna hii ina harufu yake. Katikati ya miaka ya 1980 baadhi ya washauri wa mji wa Commerce walikiri mahakamani kwamba walipewa kwa siri fungu katika nyumba waliyoipa ruhusa. Mwaka 1990 serikali ya Marekani ilikamata nyumba ya Bell Gardens, kwa kuwa ilionekana imejengwa kwa sehemu na feza ya madawa ya kulevya. Na kwa miaka kadhaa serikali yenyewe ikawa na fungu katika nyumba ya karata! Hata hivyo basi linapita, na mtoto anapanda bure. Hatuna jibu jepesi hapa. Mtoto hana kosa, na kitabu cha maktaba ni kitabu. Lakini mji unaotaka maktaba inabidi uombe viti vijae, na katika viti hivyo wamo baba za watoto walewale.

Turudi kwa vijana wetu. Katekismu ya Kanisa Katolika, iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2413 inafundisha kwamba michezo ya bahati na kushindania feza si kinyume cha haki kwa yenyewe. Inakuwa mibaya inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa maisha yake na ya wale walio mikononi mwake. Na tamaa ya mchezo inaweza kumfanya mtu mtumwa. Tena udanganyifu katika mchezo ni jambo zito, isipokuwa hasara ni ndogo mno. Ndiyo sababu parokia ikifanya tombola ya kununua bati za kanisa, Padri hakatazi. Mitume wenyewe walipiga kura wakampata Matia. Askari nao walipiga kura chini ya Msalaba, kwa ajili ya vazi la Bwana wetu, na Mama yake yupo. Kura ni ile ile.

Basi kijana akituuliza juu ya feza, sisi tunamuuliza: feza ya nani? Kama ni ya masomo ya mdogo wako, imekwisha kuwa ya mdogo wako. Na swali letu la pili: saa ngapi utasimama? Hilo linafaa hata kwa vibanda vya kubashiri mpira vilivyojaa katika miji yetu, kwa maana navyo vina tundu chini ya kikapu. Wengi wanajibu upesi la kwanza. La pili wanacheka tu.

Katika Los Angeles yenyewe, mwezi wa Septemba 1957, watu wachache walioshindwa na kamari walikusanyika kusaidiana kuacha, na chama chao, Gamblers Anonymous, kimeenea katika inchi nyingi. Na California ina desturi moja iliyotugusa zaidi ya zote. Mtu aliyechoka na nafsi yake anaweza kuandika karatasi ya kuomba akatazwe kuingia katika nyumba za karata, kwa mwaka mmoja au hata kwa maisha yote. Anatia sahihi, anatoa picha yake, na picha inapelekwa kwa nyumba zote ili walinzi wamjue. Akijuta kesho yake na kutaka kuifuta, haifutwi mpaka muda uishe. Akiingia kwa siri na kushinda, hapewi alichoshinda. Mlango ule usiofungwa usiku wala mchana unafungwa kwa ajili ya mtu huyo mmoja, naye ndiye aliyeomba.