Falls Church ya Televisheni na Falls Church Yetu



Msafiri atokaye Washington kwa treni ya laini ya rangi ya chungwa hupita chini ya mto Potomac, akaibukia Virginia, akaiacha Arlington nyuma yake, na punde husikia jina la Falls Church likitangazwa. Hutangazwa mara mbili, kwanza stesheni ya mashariki kisha ya magharibi. Ajabu ni kwamba hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ndani ya mji wenyewe: moja imo katika kaunti ya Arlington na nyingine katika kaunti ya Fairfax. Falls Church ni mji mdogo wa maili mraba mbili na kitu, uliopata hadhi ya kujitegemea mwaka 1948. Jina lake, lililotokana na kanisa la karne ya 18 na maporomoko madogo ya Potomac, limeenea mbali kuliko mipaka yake. Hata msikiti wa Dar Al-Hijrah, uliofunguliwa 1991, ambamo wengi wetu tumeswali Idi na kuwasalia jamaa zetu, kwa anuani ya posta uko Falls Church lakini kwa serikali uko Fairfax.

Sisi wa nyumba hii tuliijua Falls Church kwa mambo mawili, msikiti huo na soko la Eden Center. Soko hilo lilianza 1984, nalo ni la Wavietnam waliokuja kama wakimbizi baada ya Saigon kuanguka mwaka 1975. Mpaka leo bendera yao ya manjano yenye mistari mitatu myekundu hupepea pale uwanjani, bendera ya dola ambayo haimo tena duniani. Sisi huenda kwa ajili ya mchaichai, mafenesi na embe mbichi.

Basi Jumatano ya tarehe 30 Januari 2013, saa nne usiku, stesheni ya FX ilipoanza kuonyesha tamthilia iitwayo The Americans, na tukasikia kwamba mambo yake yanatokea Falls Church, tulikaa sebuleni sote kuitazama kama watu walioambiwa kwamba mtaa wao umetiwa gazetini. Hatukuona hata jengo moja tulijualo. Baadaye tulifahamu kwamba picha zilikuwa zikipigwa New York. Mwenye kuijua Virginia huziangalia zile barabara na nyumba, akatikisa kichwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1981, mwanzo wa urais wa Reagan, wanaishi mume na mke, Philip na Elizabeth Jennings, wenye ofisi ya kukata tiketi za safari. Wana binti, Paige, na mtoto wa kiume, Henry. Kumbe wote wawili ni Warusi, majasusi wa KGB, waliooanishwa kwa amri na kuletwa Marekani wakiwa vijana. Watoto hawajui. Kisha nyumba ya pili inahamia jirani mpya, Stan Beeman, naye ni mpelelezi wa FBI. Akina Jennings wanamkaribisha kwa sinia ya keki. Mtungaji, Joe Weisberg, aliwahi kufanya kazi CIA, na inaonekana.

Ni lazima tueleze kwa nini tamthilia hii ilitushika sisi, watu wa umri wetu, ambao hapo kabla tulikuwa tumekwisha zikimbia tamthilia za aina hiyo. Katika msimu wa 2005 wa ile iitwayo 24 palionyeshwa familia ya Kiislamu ya Los Angeles, baba, mama na kijana wao, katika nyumba nzuri, kumbe ni genge la maangamizi. Oktoba 2011 ikaja Homeland, nayo ya hapa hapa Washington na viunga vyake. Humo mwanajeshi aliyetoka utekwani anaonekana akitandika mswala kwa siri katika banda la gari lake, na muziki unaopigwa wakati huo ni ule wa kumwonya mtazamaji kwamba hatari imefika. Tulikuwa na wajukuu sebuleni. Mtoto anayemwona babu yake akitandika mswala kila siku, afanye nini na muziki ule?

(Msituone tuna chuki. Tulicheka vizuri Oktoba 2015, wasanii waliokodiwa Berlin kuandika Kiarabu kwenye kuta za kambi ya wakimbizi ya Homeland walipoandika kwamba tamthilia hiyo ni ya kibaguzi, ikarushwa hewani vivyo hivyo kwa kuwa watengenezaji hawakuweza kuisoma. Mtoto yeyote wa chuo chetu cha Jumamosi angewasomea.)

Sasa katika The Americans, mwenye siri hakuwa na ndevu wala mtandio. Alikuwa jirani mweupe mwenye sinia ya keki. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi tulitazama hadithi ya majasusi bila ya kungoja kwa wasiwasi mtu wa jina letu aingie mlangoni. Hiyo peke yake ilikuwa raha.

Raha nyingine ilikuwa ile ya kungoja. Vijana wa leo huteremsha msimu mzima usiku mmoja, kama mtu anayekunywa chupa ya asali. Sisi tulizoea hadithi ya redio iliyokatwa pale pale pa kukatwa roho. Waliokuwa Tanzania miaka ya tisini watakumbuka Twende na Wakati, iliyoanza Radio Tanzania 1993, na jinsi watu walivyobishana sokoni juu ya dereva wa lori Mkwaju kana kwamba ni shemeji yao. Jumatano yetu ilikuwa hivyo. Alhamisi tulijadiliana, Ijumaa baada ya swala tukajadiliana na wengine waliotazama, na Jumanne wasiwasi ukaanza upya. Tarehe 22 Aprili 2015 msimu wa tatu ulimalizika Paige akiwa ameshika simu, anamfichulia mchungaji wake siri ya wazazi wake. Tulikaa na simu ile hadi tarehe 16 Machi 2016. Karibu miezi kumi na moja! Rimoti, tuseme, ilikaa mkononi mwa bibi, kwani mna mambo mle yasiyotazamika mbele ya watoto, na ni mjukuu wetu mkubwa peke yake aliyeruhusiwa kukaa.

Katika miezi ile ya kungoja tulianza kutembea. Tulikuwa tumeishi miaka mingi katika eneo hili tukijua njia ya kazini, ya shule, ya msikitini na ya uwanja wa ndege wa Dulles. Tamthilia ilitufanya tuulize: je, haya yalitokea kweli? Yalitokea, tena karibu mno na nyumbani. Mwaka 2010, mwezi wa Juni, FBI iliwakamata majasusi kumi wa Urusi waliokuwa wakiishi nchini kama raia wa kawaida, na watatu kati yao walikuwa Arlington. Julai walibadilishwa na wafungwa wengine huko Vienna ya Austria.

Ama Vienna yetu ya hapa Virginia, mwisho wa laini ile ile ya treni, ina kijibustani kiitwacho Foxstone, kandokando ya kijito, chenye daraja dogo la miguu. Ukipita hutageuza shingo. Chini ya daraja hilo Robert Hanssen, mtumishi wa FBI mwenyewe, alikuwa akiweka furushi la siri na kubandika utepe mweupe kwenye kibao cha bustani kuwaarifu Warusi. Aliwapelekea siri, kwa vipindi, tangu 1979 mpaka siku ya Jumapili, 18 Februari 2001, alipokamatwa hapo hapo. Alifariki gerezani mwaka 2023. Tulisimama darajani mchana wa Novemba. Mama mmoja alikuwa akimtembeza mbwa, akatusalimu, nasi tukamrudishia salamu kwa haraka kupita kiasi, kwa kuwa tulitambua kwamba kikundi cha watu kama sisi, wenye kanzu mmoja na mabuibui wawili, waliosimama wakichungulia chini ya daraja la majasusi, kinaweza kueleweka vibaya. Hatukukaa.

Kule Georgetown, kwenye pembe ya barabara ya 37 na R, palikuwa na sanduku la posta ambalo Aldrich Ames wa CIA alilitia alama ya chaki kila alipotaka kuonana na Warusi. Alikamatwa Arlington Februari 1994. Sanduku lenyewe sasa limo katika jumba la makumbusho ya ujasusi mjini Washington. Ni sanduku la buluu kama yale tunayotumbukizia barua zetu.

Lakini yaliyotuuma hasa hayakuwa ya darajani. Katika msimu wa 2016 Elizabeth anajifanya mwanamke mwingine na kufanya urafiki na Mkorea mmoja, Young Hee, mhamiaji mwenye mume, watoto na jamaa wengi nyumbani. Young Hee anamkaribisha, anampikia, anamcheka na kumfundisha. Huyu mgeni anakula, anabeba watoto, kisha anamzulia mume wa rafiki yake fitina ya aibu ili apate anachokitaka kazini kwake, na kuiacha nyumba ile magofu. Tamthilia nzima ina maiti wengi, na hakuna aliyetuliza kama Young Hee, ambaye hakuuawa. Mhamiaji hujua thamani ya mtu wa kwanza anayeketi mezani kwake katika nchi ya ugeni. Bibi aliapa hataitazama tena, na kweli wiki moja alikaa jikoni, mlango wazi.

Jambo la pili ni lugha. Philip na Elizabeth waliamriwa na wakubwa wao wasitamke Kirusi tena, hata wawili wakiwa chumbani. Mama yake Elizabeth humrekodia kanda kutoka Urusi, naye huzisikiliza peke yake kwa vipaza sauti vya masikioni. Wengi kati yetu tulituma na kupokea kanda za namna hiyo, zenye sauti ya kuku na ya muadhini nyuma ya sauti ya mama, na tulipoiona ile hatukuweza kutazamana. Mwishoni mwa msimu wa tatu Paige anapelekwa Berlin kumwona bibi yake mara moja tu, mgonjwa, ndani ya chumba cha hoteli, na hawana lugha hata moja ya pamoja. Katika msimu wa mwisho binti anafundishwa mapishi ya Kirusi kwa siri katika nyumba ya mtu mwingine. Siku moja Elizabeth anamletea mumewe chakula hicho, anamkuta amekwisha shiba cha Kichina, na chakula cha kwao kinamwagwa.

Hapo ndipo mjukuu wetu alipouliza kwa Kiingereza, "Hao walikatazwa. Mama yeye nani alimkataza?" Mama yake, yaani binti yetu, hakujibu. Akina Jennings walikuwa na amri ya Moscow. Katika nyumba zetu hakuna aliyetoa amri, na Kiswahili kinatoka kwa mlango wa nyuma, neno baada ya neno, watoto wakijibu salamu za bibi yao kwa simu kwa kusema "poa" na kurudisha simu. Mchezaji wa Philip, Matthew Rhys, ni mtu wa Wales aliyelelewa kwa Kiwelisi na bado anakisema. Tulimwambia mjukuu hivyo. Tangu wiki ile ikawa sharti: anayetaka kukaa sebuleni Jumatano atuhadithie kwa Kiswahili yaliyotokea wiki iliyopita. Alianza kwa taabu, "yule mtu ali... ali-hide", na kabla ya msimu kwisha alikuwa akisema "alijificha" na hata "alimhadaa".

Misimu mitatu ya mwisho ilimalizikia ndani ya Ramadhani, mwaka 2016, 2017 na 2018. Sehemu ya mwisho kabisa iliwekwa Jumatano, 30 Mei 2018, saa nne usiku, katikati ya mwezi mtukufu, wakati ule ule ambao isha huingia hapa kwetu siku za Mei na tarawehe kufuata. Palikuwa na minong'ono. Tulikwenda tarawehe. Mashine iliachwa inarekodi, na simu zote zilifungiwa kabatini kwa amri ya bibi, tusije tukaharibiwa na jamaa waliotangulia kutazama. (Ambaye bado hajatazama na asome baadaye.)

Saa sita na nusu tuliketi, kaimati na chai mbele yetu, na sehemu yenyewe ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Stan anawakuta watatu katika maegesho ya magari, bastola mkononi, naye ameelewa yote. Hakuna aliyekohoa. Anawaacha waende. Henry, aliye shuleni mbali, wanamwacha Marekani, kwa kuwa yeye ni Mmarekani kweli. Kisha treni ya kuelekea Kanada, ukaguzi wa pasi, na treni inapoondoka wazazi wanamwona Paige amesimama nje jukwaani, ameteremka. Wanafika Moscow wawili tu, na neno la mwisho Elizabeth analisema kwa Kirusi.

Mjadala wa Henry ulianza hapo na kuendelea mpaka kwenye daku. Mkwe wetu alishikilia kwamba kumwacha kulikuwa kumpenda. Bibi akasema mtoto haachwi, aende akateseke na wazee wake. Mjukuu akasema, kwa Kiswahili, kwamba hakuna aliyemuuliza Henry. Saa kumi ilikuwa imekaribia na maji yalikuwa bado hayajanywewa.