Mtihani wa Hiari na Watoto Wetu



Kila ufikapo mwisho wa Machi, vyuo vikuu vyenye sifa vya hapa Marekani vinapotoa majibu, simu yangu haipumziki. Swali huwa ni lile lile, na msimu uliopita nililisikia kwa mama mmoja wa jamii yetu: "Mwalimu, mwanangu amekataliwa, na mwenzake aliyekuwa nyuma yake darasani amepokelewa. Kosa lake nini?" Nilimjibu kwamba huenda hakuna kosa lolote. Hakuridhika, wala simlaumu, kwani sisi tumelelewa kuamini kwamba mtihani ndio hakimu.

Hata hivyo tusijisahaulishe. Sisi tuliomaliza kidato cha sita Tanzania baada ya Azimio la Musoma la 1974 hatukwenda Chuo Kikuu kwa alama peke yake. Kijana alitakiwa apitie Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi miaka miwili, kisha apate barua za kumsifu kutoka kwa mwajiri na kwenye chama. Barua yangu niliisubiri kwa miezi kadhaa, na mwenyekiti wa tawi hakuniuliza hata swali moja la hisabati. Basi habari ya mtu asiyekujua kuketi na faili lako na kuipima tabia yako si ngeni kwetu kama tunavyodai.

Kilicho kigeni ni kwamba hapa kanuni zenyewe hubadilika mtoto akiwa njiani. Mtihani wa SAT, ambao alama yake ya juu ni 1600, ulianza mwaka 1926. Bowdoin, chuo kidogo cha jimbo la Maine, kiliacha kuudai tangu 1969, lakini vyuo vikubwa vingi havikukifuata. Ilipokuja korona mwaka 2020 na vituo vya mitihani kufungwa, karibu vyote vikatangaza kwamba mtihani ni hiari. Chuo Kikuu cha California kikaenda mbali zaidi, kikaacha kuzitazama alama hizo kabisa. Kisha upepo ukageuka. MIT ikaurudisha ulazima mwaka 2022, na mwaka 2024 zikafuata Dartmouth, Brown, Harvard na Caltech; Yale nayo ikadai mtihani, ila ikamwachia mwanafunzi achague mmoja kati ya aina kadhaa. Mtoto aliyeingia darasa la tisa akiambiwa mtihani hauna haja, alifika darasa la kumi na mbili akaambiwa unayo. Vyuo vingi vingine vimebaki na hiari hadi leo.

Na neno hilo, hiari, ndilo linalotuponza. Wazazi hulisikia kana kwamba mtihani hautakiwi. Watoto nao wamelifahamu vingine: kwamba alama isiyofikia kiwango cha kawaida cha chuo ni bora ifichwe. Lakini ofisi ya udahili haiisomi alama peke yake, huisoma pamoja na shule aliyotoka mtoto. Alama 1400 kutoka shule ya matajiri ni jambo la kawaida. Alama hiyo hiyo kutoka shule ambayo wengi hawafiki 1000 ni jambo kubwa. Uchunguzi ambao Dartmouth iliutoa mwaka 2024 uligundua jambo hili hasa, kwamba wanafunzi wa familia zisizo na uwezo walikuwa wakizificha alama ambazo zingewasaidia.

Nimeliona kwa macho yangu. Kijana mmoja, ambaye wazazi wake walikimbia Kongo na kukaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, alipata 1380 katika shule ambayo wachache hufika 1100. Aliificha, kwa kuwa alisoma mahali kwamba wanaopokelewa huwa na zaidi ya 1500. Alikataliwa. Siwezi kusema kwamba alama ile ingemfungulia mlango. Nasema tu kwamba waliolifungua faili lake hawakuiona.

Jambo hili lina uzito kwetu kuliko kwa wengine, kwa sababu ya fedha. Familia nyingi katika jamii yetu zinaikimbia mikopo ya masomo kwa kuwa ina riba. Ajabu ni kwamba vyuo vigumu zaidi kuingia ndivyo vilivyoondoa mikopo katika msaada wao: Princeton tangu 2001, Bowdoin tangu 2008. Harvard ilitangaza Machi 2025 kwamba familia yenye pato lisilozidi dola 100,000 kwa mwaka hailipi kitu. Lakini Harvard hupokea chini ya watano katika kila mia, na huwarudisha maelfu ambao wangeweza kusoma pale bila taabu. Chuo hutafuta mpiga tarumbeta, mkimbiaji, mtoto wa jimbo la mbali, na mahali pengine mtoto wa aliyesoma pale zamani. (Hili la mwisho lingefanyika kwetu tungeliita kwa jina lake.) Kwa hiyo mtoto aombe huko, na aombe pia chuo cha jimbo lake, na fomu ya FAFSA ijazwe mapema.

Aidha, watoto wetu huona haya kuandika wanayoyafanya nyumbani. Kumtafsiria bibi hospitalini, kuwalea wadogo mama anapokuwa zamu ya usiku, hayo yote wanayaacha, ilhali fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi ina nafasi maalumu ya majukumu ya familia.

Ama ada ya mtihani, isimzuie mtu. Mwanafunzi wa darasa la kumi na moja au la kumi na mbili ambaye familia yake ina kipato kidogo husamehewa ada ya SAT, na msamaha huo humwondolea pia ada za maombi katika vyuo vingi. Aulizwe mshauri wa wanafunzi pale shuleni; wengine hawasemi mpaka waulizwe.

Hivi sasa ninaye msichana wa darasa la kumi na moja anayengojea alama zake. Zikija, tutaziweka mezani pamoja na alama za kawaida za shule yake, ndipo tuamue la kuonyesha.